Shaba, Doa na Mbuzi ya Bibi

Salha alikaa kwenye kizingiti cha jiko la bibi yake, kule Muheza. Jiko lilikuwa tupu.

Bibi Mwanakombo alikuwa amefariki. Arobaini yake ilikuwa imepita.

Nyuma ya jiko waliishi paka wawili. Shaba alikuwa mwekundu. Doa alikuwa mweupe, na doa jeusi puani.

Hakuna mtu aliyewahi kuwashika. Hata Bibi hakuwashika. Aliwalisha tu.

Kila siku Bibi alikalia mbuzi yake, kigoda chenye meno ya chuma, akakuna nazi.

Krr, krr, krr, mbuzi ililia.
“Njooni mle,” Bibi alisema. “Njooni mle.”

Paka walikuja mbio, mikia juu. Walikula machicha ya nazi yenye dagaa.

Sasa vitu vya Bibi vilikuwa juu ya gari. Kesho watu wengine wangehamia hapa, na mbwa wao wawili wakubwa.

“Mama, tuwachukue Shaba na Doa,” Salha alisema.

“Wakishikika, tutawachukua,” Mama alijibu. “Lakini gari linaondoka alasiri.”

Mjomba Shekue alileta tenga la kuku. Aliliinamisha, akaliegemeza kwenye kijiti. Kijiti alikifunga kamba. Chini ya tenga aliweka dagaa.

“Nimeshika kuku wa mtaa mzima,” alisema. “Paka ni nini?”

Shaba alinyoosha mguu mmoja. Akavuta dagaa wa kwanza. Akavuta wa pili. Akavuta wote.

Pu! Mjomba alivuta kamba, tenga likaanguka. Ndani hapakuwa na kitu.

“Mjomba, umemshika nani?” Salha aliuliza.

“Nyamaza wewe!” Mjomba alisema, akajipangusa vumbi.

Salha alipata wazo. Alijifunika kanga ya Bibi. Alitembea polepole, kama Bibi.

“Njooni mle,” alisema. “Njooni mle.”

Doa alinusa upepo. Akarudi nyuma. Shaba naye akarudi nyuma.

Salha aliinusa kanga. Ilinuka sabuni.

“Mama, mbona hainuki Bibi?”

“Tulifua nguo zake zote kabla ya kuzigawa,” Mama alisema. “Ndivyo tunavyofanya.” Kisha akasema kwa sauti ndogo, “Hii moja ningeiacha.”

Salha alifikiri. Harufu ya Bibi ilikuwa imekwenda na maji. Je, sauti yake?

“Mjomba! Nipe mbuzi ya Bibi!”

“Nimeshaifunga chini kabisa, Salha! Niishushe tena?”

“Ishushe, Mjomba. Tafadhali.”

Mjomba alinung'unika, lakini akaishusha. Mama alipasua nazi.

Salha alikaa ndani ya jiko. Mama alijificha nyuma ya mlango.

Krr, krr, krr, mbuzi ililia.
“Njooni mle,” Salha alisema. “Njooni mle.”

Shaba alikuja mbio, mkia juu. Aliingia jikoni. Alimtazama Salha. Kisha akatazama kila pembe ya jiko.

Alikuwa anamtafuta Bibi.

Salha aliendelea kukuna.

Doa alifika mlangoni. Aliweka mguu mmoja ndani.

Mama hakupumua. Salha hakupumua. Bado hatua moja tu.

Piii! Piii! Mjomba alipiga honi. “Jamani, tunachelewa!”

Doa aliruka. Alipanda ukuta. Akatoweka.

Mama alifunga mlango haraka. Ndani alibaki Shaba peke yake.

Walimfunika kwa tenga. Shaba alilia kwa sauti kali. Salha naye alilia.

“Alimfuata Bibi,” alisema. “Nimemdanganya.”

“Ndiyo, mwanangu,” Mama alisema. “Umemdanganya, ili mbwa wasimuue.”

Mjomba Shekue alizima gari. Walikuna nazi nyingine, na nyingine. Jua lilishuka.

Krr, krr, krr.

Doa hakuja.

Nyumbani, Shaba aliingia chini ya kitanda cha Salha. Alikaa huko siku moja. Alikaa siku mbili. Hakula mbele ya mtu.

Ijumaa, Mjomba Shekue alimrudisha Salha Muheza. Walikuna nazi nje ya uzio. Mbwa walibweka, bou, bou! Doa hakuja.

“Honi ile,” Mjomba alisema njiani. “Ningesubiri kidogo tu.”

Salha alimshika mkono.

Jioni hiyo, Salha aliweka mbuzi ya Bibi chumbani. Akakuna taratibu.

Krr, krr, krr, mbuzi ililia.
“Njoo ule,” Salha alisema. “Njoo ule.”

Shaba alitoka chini ya kitanda. Alitazama kila pembe ya chumba. Bibi hakuwepo.

Kisha akamtazama Salha. Akala.

Usingizi ulipokaribia, Shaba alipanda kitandani. Hakutaka kushikwa. Alijikunja tu miguuni pa Salha.

“Mama, Doa analala wapi leo?”

“Sijui, mwanangu.”

Mama aliweka kisahani cha pili dirishani, chenye machicha na dagaa, akaliacha dirisha wazi kidogo.

Salha akalala. Shaba akalala. Kisahani kikangoja.