Doa Jeupe Kifuani

Makoye alikuwa mkulima wa pamba huko Kharumwa. Kiangazi alichimba dhahabu, akivunja mwamba kwa baruti. Mwaka 1974 alianza kukohoa. Baada ya miezi miwili hakuweza kulima tuta moja bila kukaa chini.

Mkewe, Scolastika, alimpeleka hospitali. Akapigwa picha ya kifua. Daktari aliitazama, akakunja uso.

"Kuna kipande cha chuma karibu na pafu. Uliwahi kurukiwa na baruti?"

"Ndiyo, mwaka jana. Ilinichana begani."

"Basi lazima upasuliwe, huko Mwanza."

Scolastika alikaa sakafuni, akalia. "Mayu wane, mama yangu! Watampasua kifua!"

Mpiga picha, Herman, alikuwa mtu wa maneno machache na macho makali. Aliichukua ile picha, akaiinua dirishani. Wengine waliona chuma tu. Yeye aliona na kitundu kwenye chuma hicho.

"Mzee Makoye, ulivaa kitu cha chuma?"

"Hapana. Nilivua shati, mkanda, hata bangili ya shaba. Nilibaki na fulana."

"Kipande cha baruti hakina kitundu cha kupitishia uzi," Herman alisema.

Scolastika aliacha kulia. Aibu ilimshika.

"Ni mimi, bwana. Nilishona medali ya Bikira Maria ndani ya fulana yake, hapa begani. Yeye hasali. Nilitaka alindwe shimoni."

Makoye alipapasa bega. "Kumbe nimebatizwa bila kuambiwa!"

Daktari alicheka. Herman hakucheka.

"Mama, hukukosea kumpenda mumeo. Mimi ndiye niliyekosea, nilipaswa kumvua fulana. Mionzi ya eksirei hupita kwenye nyama, lakini chuma huizuia. Hapo hutokea doa jeupe. Doa hilo hutudanganya, tena hufunika kilicho nyuma yake. Ndiyo maana tunavua medali, bangili, hirizi, hata vibanio vya nywele."

"Na akivuliwa, nani atamlinda?"

"Ishike wewe mkononi, usali hapo mlangoni."

Alisali. Herman akapiga picha ya pili. Doa jeupe halikuwapo. Mahali pake palionekana kitu kama ukungu mdogo. Makohozi yakapimwa.

"Ni kifua kikuu," daktari alisema. "Medali ilikuwa imekificha. Kinatibika kwa sindano na vidonge, bila kisu. Usiache dawa hata ukijisikia mzima."

Namsifu Herman mpaka leo. Mashine yake ilikuwa kuukuu. Lakini alitazama vizuri, akauliza kwa heshima, akakiri kosa mbele ya mkubwa wake. Wangapi tunaweza?

Makoye alitumia dawa mwaka mmoja na nusu, bila kukosa. Kila walipokwenda kliniki, Scolastika aliwaambia wanawake waliosubiri picha, "Vueni vyote vya chuma, mayu. Hata mlivyovificha."

Msimu wa kilimo uliporudi, Scolastika alikuwa anasonga ugali aliposikia wimbo shambani. Alitoka nje, mwiko mkononi. Makoye alikuwa analima huku anaimba. Alifika mwisho wa tuta, akageuka, akaanza jingine bila kukatisha wimbo.