Ng'ombe wa Bosi Kiberiti

"Wageuzeni hao ng'ombe. Ng'ombe wa Kiberiti hawalali kwenye zizi langu."

Baba alikuwa amesimama mbele ya zizi, fimbo kailaza mabegani. Wazee waliotoka Ushetu kuleta mahari walitazamana. Mihayo, mchumba wangu, alikuwa nyuma yao na shati jipya, vumbi hadi magotini. Mimi na mama tulikuwa jikoni, wali unaungua, hakuna aliyeugeuza.

Ng'ombe wakarudishwa njiani.

Nieleze vizuri. Kiberiti si mtu. Nimemtunga mimi, Nyamizi wa Bugarama, kwenye mchezo wa redio. Siku za kazi Mihayo anaendesha bodaboda kule Bulyanhulu. Jumamosi anaingia studio Kahama anakuwa Bosi Kiberiti, mwenye duara, yaani shimo la kuchimba dhahabu, kichaa asiyejijua. Anang'oa matimba, yale magogo yanayozuia kuta za shimo, anajengea banda la kuku. Shimo likimeza wachimbaji, anawapa kuku majina yao, na jioni anawaita mmoja mmoja kwa upole. Pembeni yake yupo Siwema, anayempenda mpaka wasikilizaji wanataka kumpiga makofi aamke.

Mihayo alikuwa anakiona cha moto. Mama mmoja sokoni alikataa kumuuzia nyanya, akamwambia akale kuku wake. Abiria walikuwa wakiitambua sauti, wanashuka. Na kwenye kundi la WhatsApp la wasikilizaji wetu ubishi ulikuwa haulali:

"Kichaa hapendi, anafuga tu."

"Anampenda Siwema bwana, hamsikii anavyomwita?"

Wageni walipoondoka nikamfuata baba.

"Baba, yule anaigiza tu."

"Unanifundisha kuigiza? Ujanani nimecheza ngoma na chatu shingoni, watu wanakimbia. Nilikuwa chatu mimi?"

"Sasa kosa lake nini?"

"Ile sauti. Nimeshaisikia uwanja huuhuu."

Alikuwa sahihi. Kaka yangu Amosi alifukiwa kwenye duara la mtu mmoja aliyekuwa ameng'oa matimba wiki ileile akayauze. Msibani mtu huyo alikuja na kiroba cha sukari. Viatu vyake vilikuwa vya kahawia, vimepigwa rangi vikang'aa. Akasema kwa sauti ya kubembeleza, "Poleni wazazi wangu, Mungu amempenda zaidi." Watu wakamletea kiti. Hakuna aliyemuuliza kuhusu magogo. Sisi ndivyo tulivyo: mtu anatuzika, tunamkaribisha akae. Wengine wamesahau. Mimi sauti ile niliitunza, nikaja kumfundisha Mihayo neno kwa neno.

"Jumamosi si ndiyo mwisho wa mchezo?" baba akauliza.

"Ndiyo."

"Mfanye atubu. Ampende yule binti kweli, abadilike. Nikiisikia sauti ile inaomba msamaha, zizi nitalifungua."

Ndoa yangu ilikuwa mkononi mwangu, kazi ilikuwa kuandika uongo mmoja tu.

Nikampigia Mihayo, nikamweleza yote.

"Na wewe unataka nini?" akauliza.

"Nataka unioe."

"Hilo najua. Nauliza kuhusu Kiberiti."

"Yule wa sukari hakutubu, Mihayo. Mpaka leo anapita na gari lake."

"Basi usimwoshe kwa ajili yangu. Mimi nitarudi na ng'ombe wangu, hata mzee anigeuze tena."

"Wewe unayekaa ndani yake, niambie. Anampenda Siwema?"

"Anampenda. Nikilitaja jina lake kwenye maiki koo linalainika lenyewe. Ila hajawahi kumkubalia hata jambo moja."

Hapo nikaupata mwisho wa mchezo wangu.

Jumamosi sikwenda Kahama. Nilikaa na baba na mama, redio juu ya kinu. Sauti ya Kiberiti ilipoanza, baba akaangalia chini.

"Siwema, nikupe nyumba Shinyanga mjini?"

"Rudisha matimba."

"Nikupe mkufu?"

"Rudisha matimba."

"Nikikukosa nitakufa, Siwema." Na Mihayo akalia, kilio cha kweli, hadi mama akashika kifua.

"Najua utakufa. Watu wamo shimoni. Rudisha matimba."

"Omba kingine, mpenzi. Omba chochote, kasoro hicho."

Ikafuata sauti ya magogo yanabomolewa. Siwema alikuwa analing'oa banda kwa mikono yake, anawaita wanaume wa kijiji waje kubeba. Kuku wakatawanyika. Kiberiti akabaki anaita majina, moja moja, hakuna anayegeuka. Mwisho akaita jina ambalo hajawahi kuliita.

"Amosi... Amosi, njoo."

Kwa mbali Siwema akajibu, "Amosi ana kwao."

Mchezo ukaisha hapo. Mama alijifunika uso kwa kanga. Baba akazima redio.

"Alikuwa anampenda," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Na haikumsaidia mtu."

"Haikumsaidia."

"Siku ile kiti nilikileta mimi, ng'wanawane, mwanangu. Nikamwambia na asante." Akanyanyuka, akaifuata fimbo yake. "Mwambie mwenzio alete ng'ombe. Mtu anakosa nyanya sokoni kwa ajili ya mwanangu Amosi, halafu mimi namfukuza mlangoni? Ila huku aje na sauti yake."

Nikamtumia Mihayo ujumbe: "Njoo. Acha Kiberiti studio."

Akajibu: "Alishaachwa na Siwema. Nakuja peke yangu."

Siku ya kurudi, nusu ya Bugarama ilikuwa uani. Yule mama wa sokoni alikuja na tenga zima la nyanya, akalitua miguuni pa Mihayo bila kumtazama. Wazee wetu wakaanza kuwakagua ng'ombe na kuwasema, kama ilivyo ada. Baba akamzunguka dume mweusi mwenye mbavu za kuhesabika.

"Huyu huko Ushetu mlikuwa mnamlisha tumbaku?"

Watu wakacheka, na wazee wa Ushetu wakacheka zaidi.

"Shikamoo, baba," Mihayo akasema, kwa ile sauti yake nyembamba yenye lafudhi ya Kisukuma, ambayo redioni hamjawahi kuisikia.

Baba akamwangalia, macho yamelowa kidogo. "Marahaba. Ehee, hiyo ndiyo ninayoitaka."

Kisha akainama kwenye gogo lililofunga zizi, akalishika upande mmoja.

"Shika huko, Kiberiti."

Wakalinyanyua pamoja, wakaliweka pembeni taratibu. Mama Amosi akapiga vigelegele, na ng'ombe wakaingia.