Nilishukuru Kabla Sijapata

"Nilifuta kile kikao, Kendi. Nilidhani hukihitaji tena."

Profesa Bridget alisema hivyo huku akitabasamu, kikombe cha chai mkononi. Mimi nikashika meza ya maabara.

"Umefuta?"

"Ndiyo. Aketch wa wodini aliniambia umeshapata. Hongera sana."

Jamani, sikuwa nimepata chochote...

Ngoja niwaeleze. Mimi ni mtu wa Meru, nafanya utafiti wa ugonjwa wa moyo hapa Sydney. Ni ule unaoanza na koo la mtoto kuuma, watu wanapuuza, mwisho moyo unaharibika. Ulimchukua mdogo wangu. Huku nako unawaandama watoto wa wenyeji asilia.

Skolashipu iliyonileta ilikuwa na sharti: ukimaliza masomo, urudi nyumbani miaka miwili kwanza. Nikirudi sasa, utafiti unakufa katikati. Wakili akaniambia sharti linaweza kuondolewa, ndiyo hiyo watu wanaita waiver, na hoja yangu ni moja tu: kazi hii ina manufaa kwa taifa la huku. Bridget ndiye alikuwa anitetee kwenye hicho kikao mbele ya wakubwa wa hospitali, ili nao waniunge mkono kabla viza haijaisha. Na viza ilikuwa inaisha wiki hiyo hiyo.

Sasa kikao hakipo. Kisa, Aketch.

Huyu Aketch tunaimba naye kwaya. Aliwahi kulala kwangu wakati hana pa kulala. Nilipanda treni mpaka kwake Toongabbie, matusi yote niliyonayo nimeshayapanga kichwani.

Akafungua mlango, amevaa aproni.

"Aketch, nilikukosea wapi?"

"Ati nini?"

"Ulimwambia Bridget nimepata waiver. Mbona umeniharibia?"

Akanikodolea macho.

"Kendi, si ni wewe ulisema Jumapili? Ulishika mic mbele ya kanisa nzima ukasema, 'Namshukuru Mungu, waiver yangu imetoka.' Manze, mimi nililia. Nikamwambia boss wako juu nilikuwa na furaha."

"Nilikuwa nadai kwa imani!"

"Sasa mimi ningejuaje?"

Nikakaa kwenye ngazi. Wewe unayesoma, kama husali makanisa kama letu, elewa hivi: kwetu unashukuru kabla hujapata. Unasimama, unatangaza jambo kama limeshatendeka, watu wanapiga vigelegele. Ukisema "bado", unaonekana huna imani. Niliropoka bila hata kufikiri. Na video ilishafika Meru, mama ameshachinja mbuzi.

Nyumba ilinukia keki. Alikuwa ananiokea mimi! Niliona aibu nikashindwa kumwangalia.

"Mpigie Bridget saa hii," akasema. "Mwambie ukweli. Na Jumapili utaambia kanisa."

"Siwezi."

"Utaweza. Nitasimama na wewe."

Nilipompigia, Bridget hakuelewa kabisa mtu anashukuruje kwa kitu ambacho hana. Lakini aliwafukuzia wale wakubwa mpaka wakakubali kumsikiliza, na ombi langu likaingia viza ikiwa inapumulia mashine.

Jumapili, kanisani kwetu Granville, nikashika maiki tena. Aketch alikuwa ubavuni mwangu.

"Wapendwa, ile waiver niliyoshuhudia... sijapata. Bado nangoja, na naogopa sana. Naomba msaada wenu."

Pasta Elkana akainamisha kichwa. Nikajua nimeisha.

Halafu kule nyuma akasimama Mzee Aloys, Mrundi anayetukaribisha mlangoni kila wiki.

"Na mimi pia, dada yangu," akasema. "Ile viza ya bibi yangu, nilishuhudia hapa, mukaimba. Mukafikiri yeye iko Melbourne kwa dada yake, mimi nikanyamaza. Yeye iko bado kwa kambi ya wakimbizi. Dossier, ile faili yake, ilikwama, na toka siku ile hakuna mutu aliniuliza tena kama nataka musaada."

Mama mmoja akaanza kulia. Akasimama mwingine. "Bado." Akasimama kijana wa kinanda. "Hata mimi, bado."

Ndipo Aketch akauachia mkono wangu. Akachukua maiki.

"Ile registration ya nursing niliyoishukuria hapa mwaka jana... haikutoka. Mimi si nesi. Pale wodini huwa naosha sakafu."

Mimi, rafiki yake, nilikuwa namwita Sister Aketch kila siku. Sikuwahi kumuuliza hata swali moja. Kwa nini niulize? Alishashukuru. Nilimkumbatia pale pale mbele ya watu, tukalia wote wawili.

Siku hiyo hakuna aliyekimbilia nyumbani. Mwenye wakili alimpa mwenzake namba, aliyeshinda mtihani wa manesi akakubali kumfundisha Aketch. Mambo ya mkewe Mzee Aloys sasa tunayafuatilia kama kundi.

Jibu langu mpaka leo halijatoka. Silali vizuri, simu ikilia moyo unaruka. Imani ninayo na kuomba sijaacha. Lakini nimejifunza kwamba ukishatangaza umepata, hata anayekupenda anarudisha mkono aliokuwa amekunyooshea.

Kwa hiyo msiniandikie hongera hapo chini. Niulizeni nimefikia wapi.