Ukuta Mpya wa Saïndou

Nipeni masikio, enyi watu wa mtaa, na wewe unayependa kusifiwa usogee karibu zaidi.

Asubuhi hiyo ya Januari 1977, vichochoro vya Badjanani mjini Moroni vilikuwa vimetulia. Saïndou, karani wa serikali, alikuwa juu ya ngazi akiupaka rangi ya samawati ukuta wa nje wa nyumba ya matofali. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mkewe, Roukaya. Wazazi wake walimjengea kabla hajaolewa, kama ilivyo desturi ya kisiwa cha Ngazidja. Zamani mwanamume, hata aliyekwisha kuoa, alijipatia heshima kwa ndoa kubwa, yaani karamu za gharama kwa mji mzima, lakini serikali ya Ali Soilih ilikuwa imezipiga marufuku fahari hizo kabla Saïndou hajafanya yake. Basi akaona, angalau ukuta umsemee.

Na kweli ulimsemea. Mkuu wake wa kazi, Ahamada, alisimama akautazama juu hadi chini.

"Bwana Saïndou, sasa hii ni nyumba ya waziri!"

Saïndou akashuka, kifua mbele.

Hapo akatokea mwanamke miguu mitupu, amemshika mkono binti yake mdogo, kanga imeungua pindo. Alikuwa Koultoumi, dada yake Saïndou, tumbo moja. Aliolewa Majunga, kule Bukini, yaani Madagaska, ambako Wakomori walikuwa wameuawa mwezi uliopita, mumewe akiwa mmoja wao. Ndege zilikuwa zikiwaleta walionusurika. Saïndou alijua kwamba dada yake angekuja. Hakwenda kumpokea, akisema moyoni kwamba rangi akiiacha itakauka vibaya. Ndugu zangu, hebu fikirini udhuru huo!

"Kaka," alisema Koultoumi, akauegemea ukuta kwa uchovu. Rangi mbichi ikamganda begani, ukuta ukabaki na doa.

"Unamjua?" aliuliza Ahamada.

Saïndou alilitazama doa, akaitazama ile kanga. Ulimi ukamtangulia.

"Simjui. Ni hao waliotoka Majunga. Bibi, chakula chenu kinagawiwa kule uwanjani."

Mtoto akainua uso. "Mama, si ulisema huyu ni mjomba?"

"Tumepotea njia, mwanangu," alijibu Koultoumi, wakaondoka.

Saïndou alilipaka doa lile mpaka likafutika. Ahamada aliendelea kusifu, lakini mwenzake hakusikia hata neno moja. Masikio yake yalikuwa yakiwaka moto.

Kabla ya adhuhuri Roukaya alirudi kutoka sokoni. Wanawake wa mtaa walikuwa wamekwisha kumweleza.

"Mume wangu, umemfukuza wifi yangu mlangoni?"

"Palikuwa na mgeni, Roukaya. Hali aliyokuja nayo..."

"Mlango wa nani? Nyumba hii ni ya mama yangu na ni yangu. Wewe umepaka rangi tu. Inuka, twende tukamtafute."

Waliulizia njiani, wakamkuta kijiji cha Vouvouni, kwa mjane aitwaye Saandia, muuza samaki. Mjane huyo alikuwa amekutana na Koultoumi njiani, akawachukua wote wawili kwake, kwenye chumba chake kimoja, akawapa wali na mkeka. Saïndou akapiga magoti sakafuni, machozi yakimtoka mbele ya mkewe na mwenye nyumba.

"Nisamehe, dada yangu. Nimefanya jambo la aibu."

"Nimekusamehe," alisema Koultoumi, macho yake chini.

"Basi twende nyumbani."

"Hapana. Nitakaa hapa. Bi Saandia hakuniuliza nimevaa nini."

Binti alikuwa amejibanza nyuma ya mama yake. "Mama, mgeni huyu ni nani?"

Koultoumi akamsogeza karibu. Saïndou akamtazama kama mtu anayesubiri hukumu.

"Ni mume wa Bi Roukaya," alisema Koultoumi.

Saïndou akatoka nje. Alivaa viatu vyake mlangoni, akaona vidole vimepakaa rangi hadi kwenye kucha.

FUNZO

Wenzangu, kuipendezesha nyumba si dhambi. Dhambi ni kuuthamini ukuta kuliko anayebisha hodi. Ukimkana ndugu yako mbele ya watu, anaweza kukusamehe, na msamaha wake ukawa wa kweli. Lakini jina alilokuwa akikuita huenda asikuite tena. Mpokeeni aliyefikwa na msiba jinsi alivyo, na vumbi lake, na kanga yake iliyoungua.