Ninja wa Tangi la Maji

Kila Jumamosi, baada ya kufua na kuanika, Kalunde na nyanyake, Susu Munyiva, walitazama sinema za zamani za maninja nyumbani kwao Kitengela. Susu alizipenda kuliko chai ya maziwa. Ninja akiruka ukuta, naye huinua miguu. Ninja akinyemelewa, Susu huifokea runinga: "Nyuma yako, wewe! Masikio ni ya kupamba kichwa?"

Jumamosi hiyo umeme ulipotea ninja mkuu akiwa hewani.

"Maskini, amebaki huko juu," Susu akasema. "Acha nisinzie kidogo akitafuta pa kutua."

Kalunde alijifunga usoni kilemba cheusi cha Susu cha kanisani, yakabaki macho tu. Akatoka uani, karibu na tangi lililojazwa asubuhi ile na lori la maji. Maji ya kisima cha hapo yana chumvi, kwa hivyo maji matamu ya tangi hilo yalinywewa na nyumba mbili: yao na ya Mama Najah.

"Hata mimi naweza kuruka vile," alimwambia rafiki yake Najah.

"Wewe? Juzi mtaro mdogo ulikushinda!"

Kalunde akapiga yowe, akarusha teke. Mguu ukapata mfereji wa tangi. Kwa! Mfereji ukakatika, maji yakafoka.

"Tuseme ni mbuzi wa Mzee Lemein," Najah akanong'ona.

Kalunde akakimbilia ndani, akaketi kitini. Ninja wa sinema hutoweka kwa moshi, lakini yeye alisikia maji yakimwagika. Udongo mweusi wa Kitengela ukinywa hausemi asante. Wiki nzima watakunywa nini?

"Susu, amka! Mfereji umevunjika! Si mbuzi, ni mimi!"

Susu aliruka kuliko ninja yeyote. Alimvua Kalunde kilemba, akakisokomeza penye tundu. "Mama Najah! Lete chombo chochote kisichovuja!"

Mama Najah alikuja na ndoo, sufuria, hata birika. Mzee Lemein, jirani yao mfugaji, akaleta ukanda wa mpira wa baiskeli, akafunga. Nusu ya tangi ilipona.

"Nisameheni," Kalunde alisema akilia. "Na asanteni sana. Mzee, nilikaribia kuwasingizia mbuzi wako."

"Nitawapelekea salamu zako," Mzee Lemein akacheka.

Susu akaonyesha nyayo za tope kutoka mlangoni hadi kitini. "Ninja gani huyu? Tope letu halijui siri. Ningejua tu, lakini tangi likiwa kavu. Nashukuru umesema mapema, mjukuu wangu. Kosa ukilisema, watu watakusaidia kuliziba. Ukilificha, litavuja mpaka likukaushe. Sasa sugua sakafu, kwa maji ya chumvi."

Umeme uliporudi, walitazama sinema wote pamoja, Kalunde katikati, kilemba kikining'inia kwenye kamba. Ninja akaruka juu, mguu mbele.

"Chunga mfereji!" Susu akapiga kelele.