Viti Vilivyogeuzwa

Mchoramipaka, mtambo wa kupima ardhi, ulielea juu ya shamba la Mzee Mwachofi tangu asubuhi, ukishusha uzi wa nuru nyekundu. Kila uzi ulipogusa udongo, nguzo ya kioo iliota yenyewe. Hapo ndipo Shirikisho lilipotaka kusimamisha Ngazi ya Anga, lifti ya kupandisha mizigo hadi vituo vya angani. Mwachofi alikwisha kukataa kuuza, lakini watu wa Shirikisho wakajifanya hawakusikia.

Mghoi, mwenyekiti wa halmashauri ya Mlaleni, alipoziona zile nguzo damu ilimchemka. Sheria ilisema wazi kwamba Shirikisho halitwai shamba la mtu kabla ya kuisikiliza halmashauri ya mahali. Na halmashauri ilikuwa imekataa. Juzi tu, mtambo wa Shirikisho uitwao Sikizi ulipowauliza maoni yao, madiwani wote waligeuza viti, wakaupa mgongo, wakanyamaza. Mlaleni hakuna kukataa kukubwa kuliko huko. Posa zilikataliwa hivyo, na wachumba walijiondokea bila kuuliza.

Akaenda ukumbini mbio, akauwasha ule mtambo.

"Umeandika nini kuhusu kikao chetu?"

"Halmashauri haikutoa pingamizi," Sikizi ulijibu kwa adabu.

"Tulikugeuzia viti."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Nilifundishwa mila zenu. Nilijua mnakataa."

Mghoi akashika ukingo wa meza. "Sasa?"

"Nimeagizwa kupeleka maneno yaliyotamkwa. Hamkutamka neno."

Akasema basi anatamka sasa. Sikizi ukamjibu, kwa adabu ileile, kwamba usikilizaji umefungwa.

Huo ni wizi, hauna jina jingine. Watu waliketi mahali wakaunda sikio linalojua kila kitu, kisha wakaliamuru lisielewe. Na kilichomuuma zaidi Mghoi ni kwamba yeye ndiye aliyewazuia madiwani wasifungue midomo. Siku ile aliona kubishana na mtambo ni kujishusha.

Alimkuta Mwachofi shambani, ameinamia tuta la viazi.

"Mliwageuzia viti?" mzee akauliza.

"Tuliwageuzia, baba."

"Wote?"

"Wote."

"Basi yamekwisha. Hivi vidude vyao watakuja kuving'oa wenyewe."

Mghoi alifungua kinywa amweleze. Mzee alikwisha kuinama tena, akapanda kiazi kingine, na nyuma yake nguzo ikaota.