Nyundo Hataki Kuona Nyekundu

Kuna uvumi ulizagaa mtaani, nikaupuuza, ukanifuata mpaka jikoni: eti wale vijana wa wizi wa ghala hawakukamatwa na polisi, walikamatwa na simu yao wenyewe. Mimi nina mtoto anayesomea kompyuta. Usingizi ukaniruka. Nikaulizia mpaka nikayapata yote.

Saa nne asubuhi. Chumba cha nyuma, duka la vipuri. Watu watatu. Nyundo, mwenye duka na mkubwa wao, mtu asiyejua kungoja. Fundi, aliyeandika programu ya kufungua milango ya umeme kwa simu. Na Twiga, kaka yake Fundi wa tumbo moja. Mzigo ni dawa za bei mbaya, ndani ya ghala la baridi kali.

"Saa saba wafanyakazi wanaenda kula," Nyundo alisema. "Twiga anaingia, anabeba, anatoka. Swali?"

"Programu hatujaijaribu kwenye mlango kama ule, bosi," Fundi alisema.

"Kujaribu ni kazi ya waoga."

"Na kile kitufe. Ukibonyeza, mlango unafunguka. Ukirudia, unajifunga. Niliweka swali, 'Una hakika?' Ukasema nilitoe."

"Simu inihoji mimi? Kwani ni mke wangu?"

Twiga akacheka. Fundi hakucheka. Lilikuwapo lingine, akalimeza. Kila programu ilipogoma, kioo cha simu kiliandika kosa kwa rangi nyekundu, na Nyundo akamzaba kofi: hataki kuona nyekundu. Kwa hiyo Fundi aliifuta nyekundu. Sasa ikifaulu, kijani: TAYARI. Ikishindwa, kijani vilevile.

"Kaka, usiende leo."

"Nani alikubeba mgongoni, mimi au wewe? Tulia, mdogo wangu."

Saa saba na robo. Gari limesimama nyuma ya ghala. Nyundo akabonyeza. Mlango wa chuma ukaanza kusogea, polepole. Twiga akapenya kwenye upenyo, shati la mikono mifupi.

"Unajivuta huu!" Nyundo akabonyeza tena, auharakishe.

Mlango ukasita. Ukarudi. Ukajifunga.

Akabonyeza. Akabonyeza. Kijani. Kijani. Mlango kimya.

"Imeandika tayari!"

"Inaandika hivyo kwa lolote, bosi. Umebonyeza mno, mlango umejifunga kabisa, hausikii simu tena. Sasa unataka ufunguo wa mlinzi."

"Mbona haikuniambia?"

"Ulisema hutaki kuona nyekundu."

Ngumi zikasikika kutoka ndani. Kisha zikapungua.

"Tunaondoka," Nyundo alisema.

"Kaka yangu yumo!"

"Umemfungia wewe. Programu ya nani?"

Fundi akashuka. Hakukimbilia barabarani. Alikimbilia kibanda cha mlinzi, mikono juu.

"Mzee, fungua! Kaka yangu anaganda. Mimi ni mwizi, nifunge, ila fungua kwanza!"

Nyuma yake gari likaondoka.

Twiga alitolewa hai. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimeganda, vikakatwa. Ndugu hao wako jela moja na hawasemeshani. Mama yao huwatembelea mmoja mmoja. Nyundo bado anauza vipuri.

Mwanangu, epuka haya:

Wizi, kabla ya yote.
Kumkabidhi mtu kitu ambacho hukukijaribu.
Kitufe kimoja cha kufungua na kufunga.
Kudhani mtu atabonyeza mara moja tu. Mwenye hofu hubonyeza hovyo.
Kutoa swali la tahadhari kwa sababu mkubwa ana haraka.
Kuficha kosa kwa kuogopa kofi.
Kuandika tayari, na kaka yako bado yumo ndani.